Mficha Maradhi: Vijana Wenye Ugonjwa wa Sukari na Mwezi wa Ramadhani

Mara nyingi katika kurasa kama hizi tunasoma juu ya mahari, juu ya matanga, juu ya majina tunayowapa mapacha. Mimi, kwa ruhusa ya wazee wa jumuiya yetu, nitaandika juu ya jambo ambalo wengine watasema halina nafasi hapa: kufunga. Tena si kufunga kwa watu wote, bali kufunga kwa vijana Waislamu wenye ule ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza, unaowashika wakingali watoto. Wako wachache. Lakini nasema wazi tangu mwanzo: desturi yetu ya kumuuliza kila mtu "Umefunga?" na kumpima utu wake kwa jibu lake, inawasukuma hao wachache kwenye kaburi, na dini tunayoisingizia haikututuma kufanya hivyo.

Mtaniuliza: wewe mtoto wa Lemera, uliyelelewa na kwaya na shule ya Jumapili, Ramadhani umeijulia wapi? Ni swali la haki. Kwetu mlimani ni misheni ya Wapentekoste wa Uswidi iliyojenga hospitali na shule, na Mwislamu alikuwa mtu wa kupita na bidhaa zake. Lakini mjomba wangu, ndugu ya mama, alishuka Uvira kuuza ndagala, akaoa huko, akasilimu huko. Nilipomaliza shule ya msingi nilitumwa kwake, nikakaa miaka minne. Mwezi mtukufu ulipofika hakuna aliyenilazimisha kitu. Lakini mtoto gani anaweza kula peke yake katika nyumba ya watu wanane waliofunga? Nikafunga. Nakumbuka bado ile saa ya jioni, uji unapoa kwenye bakuli, tende mbili mbili kwa kila mtu, muhogo na samaki chini ya kifuniko, jua linaingia nyuma ya milima ya Mitumba na masikio yote yanangoja adhana. Siku ya kwanza niliyofika mpaka magharibi bila kunywa hata maji, mjomba alinipa tende kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watoto wake wa kuzaa. Nilijiona mtu mzima. Basi utamu wa kufunga naujua, na ndiyo sababu naogopa. Kitu kitamu namna hiyo kijana hakiachi kwa kuambiwa tu "acha".

Tena Uislamu kwenye ukingo wetu wa ziwa si mgeni wa jana. Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wakifika pale tayari, kwa pembe za ndovu na, tuseme ukweli, kwa watumwa pia. Lugha hii ninayoiandika ilipita njia ile ile. Kwa hiyo mwenye kusema mambo ya Ramadhani ni ya Waswahili wa chini, hayatuhusu sisi wa mlimani, ajiulize kwanza ni kwa lugha ya nani anaomba.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu.

Mwaka 2019 Ramadhani iliangukia mwezi wa tano, wakati mashule yanajitayarisha kwa mitihani ya mwisho. Nilikuwa nikifundisha biolojia na kemia katika shule moja ya Uvira ambayo sitaitaja. Saa ya nne ya masomo niliwapa interogasio. Kijana mmoja wa miaka kumi na sita, mwenye mwandiko mzuri kuliko darasa zima, nikamuona jasho linamtoka kama mtu aliyebeba gunia, mkono unatetemeka, mistari inashuka mpaka pembe ya karatasi. Nilimuuliza kitu, akanijibu maneno yasiyo na kichwa wala mkia. Nyuma ya darasa mmoja akasema, "Ni pepo," na wasichana wawili wakaanza kuomba kwa sauti. Mimi jambo lile nilikuwa nimelisoma ISP Bukavu, kwenye karatasi tu, sijawahi kuliona kwa macho. Nilimtuma mtoto mbio kwa mama anayeuza chai kando ya shule, akaleta sukari, nikakoroga katika maji nikamnywesha polepole maadamu alikuwa bado anaweza kumeza. Baada ya kama dakika kumi na tano aliniangalia na kuuliza, "Mwalimu, nimefanya nini?"

Kiisha akaona kikombe. Jambo la kwanza aliloniomba halikuwa dawa. "Mwalimu, tafazali, usiambie mzee kama nimekunywa. Bakijua sifunge, nitapita wapi?"

Alinieleza yote pale nyuma ya darasa. Alikuwa akichoma sindano ya insulini tangu miaka kumi na miwili. Baba yake alijua ugonjwa, na ndiye aliyekuwa akihangaika kununua dawa. Si baba mbaya. Lakini mwaka uliotangulia baba zake wadogo walikuwa wamekuja kufuturu, wakamkuta ameshakula, mmoja akasema kwa kicheko kwamba mwanaume wa miaka kumi na tano asiyefunga atafutiwe kitenge. Watu wote walicheka, hata mama. Basi mwaka ule alimwambia baba yake kwamba munganga amemkubalia kufunga. Munganga hakuwa ameulizwa kitu.

Nami nikanyamaza. Nilijiambia: haya ni mambo ya dini ya watu, mwalimu usiingie. Siku kumi na moja baadaye alibebwa usiku kwenda hospitali, safari hii si kwa sukari iliyoshuka, ni kwa sukari iliyopanda. Alikuwa amepiga hesabu yake mwenyewe: kama sindano ndiyo iliyomwangusha darasani, basi asipochoma ataweza kufika mpaka adhana. Siku mbili za kwanza hakujua jina la mama yake. Alipona. Lakini sindano ya kumwokoa ilikuwa nyumbani kwao muda wote ule, na maneno ya kumwokoa yalikuwa mdomoni mwangu.

Wasomaji mnisamehe, hapa lazima niwe mwalimu kidogo, sababu hesabu ya yule kijana inaonekana ya akili, na ndiyo inayoua.

Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinaitwa kongosho. Ndicho kinachotengeneza insulini, ambayo kazi yake ni kufungua mlango ili sukari itoke kwenye damu na kuingia ndani ya mwili kuwa nguvu. Mwenye aina ya kwanza, kinga ya mwili wake mwenyewe imeharibu sehemu ile inayotengeneza insulini. Hakula vibaya, hakurogwa, hakupewa karuho kama wengi wetu wanavyokimbilia kusema wanapoona mtoto anakonda, anakunywa maji mengi na kukojoa usiku kucha. Insulini yake imekwisha, basi. Na hapa ndipo kosa linapoingia: watu wanafikiri sukari ya damu inatoka kwenye sahani tu. Hapana. Hata usipokula, ini linamwaga sukari ndani ya damu mchana na usiku. Bila insulini sukari hiyo haina pa kuingia. Mwili unaona njaa katikati ya shibe, unaanza kuyachoma mafuta yake, na moshi wa moto huo ni asidi zinazoitwa ketoni. Mgonjwa anatapika, anapumua kwa nguvu, pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, analala usingizi usiokuwa usingizi, na asipotibiwa anakufa. Kwa hiyo siku ya kutokula pia ina sindano yake, labda ndogo zaidi, lakini ipo. Na akichoma kama kawaida halafu asile, anaanguka kama nilivyomuona. Ni kupita kwenye ukingo wenye shimo huku na shimo huku.

Jina nalo linatudanganya. Tunasema "sukari" kwa magonjwa mawili yasiyofanana. Ile ya wazee, aina ya pili, kongosho bado linafanya kazi kidogo, na kuna mzee anayeongozwa vizuri na munganga akafunga bila taabu kubwa. Sasa mzee huyo anakaa kwenye mkeka anasema, "Mbona mimi nina sukari na ninafunga? Hawa vijana ni wavivu." Anamhukumu mtoto kwa ugonjwa ambao si wa kwake. Mbaya zaidi ni wale wanaosema, hata kwenye maredio, kwamba kufunga kunaponya sukari. Kwa mtoto wa aina ya kwanza dawa hiyo ilishajaribiwa, tena na madaktari wakubwa wa Marekani, mbele ya kupatikana insulini. Walikuwa wanawanyima watoto chakula mpaka wabaki mifupa, ili wasogeze kifo miezi kadhaa mbele. Leonard Thompson, kijana wa kwanza kuchomwa insulini, huko Toronto mwezi wa kwanza 1922, alikuwa na miaka kumi na minne na uzito wa kama kilo 29. Kilo 29, miaka kumi na minne! Kilichomwinua ni sindano.

Na angalieni umri huo, miaka kumi na minne. Aina ya kwanza inapenda kuwashika watoto hasa kati ya miaka kumi na kumi na minne. Ni umri ule ule wa kubaleghe, wakati kufunga kunaacha kuwa mchezo wa nusu siku na kuwa faradhi. Yaani mwaka ambao wenzake wanaingia katika safu ya watu wazima, yeye anapewa sindano na kuambiwa wewe baki. Asiyeona uchungu wa jambo hilo asijaribu kumshauri kijana yeyote.

Haya, tuje kwenye dini, na nitasema yale tu ambayo shehe yeyote aliyesoma atayathibitisha. Aya za mfungo ziko katika Sura ya Pili, Al-Baqara, kuanzia aya ya 183. Mara tu baada ya amri ya kufunga, aya ya 184 inamtoa mgonjwa na msafiri: wahesabu siku nyingine. Aya ya 185 inarudia tena ruhusa ile ile, na kueleza sababu yake, kwamba Mungu anawatakia waja wake wepesi, hawatakii uzito. Mbele kidogo, katika aya ya 195, kuna katazo la mtu kujitupa kwenye maangamizo kwa mikono yake mwenyewe. Asiyetazamiwa kupona analipa fidia, analisha maskini kwa kila siku aliyokula.

Mgonjwa na msafiri, wote wawili katika aya moja. Sasa nawauliza ndugu zangu wa Uvira. Mfanyabiashara akipanda meli hapo Kalundu kwenda Kalemie katikati ya Ramadhani, akala mchana njiani, nani anamcheka? Nani anamtafutia kitenge? Akirudi anasimulia safari yake bila haya, na siku zake atazilipa. Lakini mtoto ambaye kongosho lake limekufa, aliyetajwa mbele ya huyo mfanyabiashara katika aya ile ile, yeye anajificha chooni na kipande cha mkate. Nani aliyekata aya hii vipande viwili? Si Mungu. Ni sisi na kicheko chetu.

Na kicheko hicho hakipo kwetu tu. Huko pwani ya Tanzania asiyefunga wanamwita kobe, na Zanzibar mwaka 2024 polisi walikamata watu kwa kosa la kula hadharani mchana wa Ramadhani. Sitaingia katika mambo ya serikali za watu. Nafikiri tu habari ya kijana wa miaka kumi na saba anayesikia jasho la sukari kushuka linamuanza sokoni, ana pipi mfukoni, na anaangalia kwanza ni nani anamwona.

Kuna wanaosema kwamba sindano yenyewe inabatilisha mfungo, kwa hiyo mgonjwa anachagua kati ya dawa na thawabu. Maneno hayo yameshajibiwa. Akademia ya kimataifa ya fiqhi ya Kiislamu, ile yenye makao Jeddah, iliamua mwaka 1997 kwamba sindano isiyokuwa ya kulisha mwili haivunji mfungo. Kutoboa kidole kupima sukari pia hakuvunji. Na mwaka 2009, katika kikao chake cha 19 huko Sharjah, akademia hiyo hiyo ilikaa juu ya mambo ya ugonjwa wa sukari peke yake, na kusema kwamba mgonjwa ambaye madaktari wanamwona katika hatari kubwa hafai kufunga. Hao ni wanazuoni wa sharia, si wamisionari wa Lemera.

Madaktari nao wamehesabu. Utafiti mmoja mkubwa uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi, kwa wagonjwa zaidi ya 12,000, ulionyesha kwamba katika kila wagonjwa 100 wa aina ya kwanza, 43 walifunga angalau siku kumi na tano. Na kule kuanguka kubaya kwa sukari kushuka, kwa watu wa aina ya kwanza kuliongezeka karibu mara tano katika mwezi huo kuliko miezi mingine. Mtaona kwamba ruhusa ya aya ya 184 ilikuwepo kwa wote hao, lakini karibu nusu hawakuichukua. Ruhusa iliyoandikwa haitoshi kama mlango wake umezibwa na macho ya watu.

Najua jibu litakalokuja, sababu nimeshajibiwa hivyo uso kwa uso: "Mwalimu, mbona kule Dubai na Ulaya vijana wa sukari ya aina ya kwanza wanafunga?" Ni kweli, wako wanaofunga. Sifichi. Miongozo ya kimataifa juu ya ugonjwa wa sukari na Ramadhani, iliyotolewa mwaka 2016 na kutengenezwa upya mwaka 2021, haimwambii kila mtu neno moja. Inampima kila mgonjwa hatari yake, na inataka amuone munganga wiki sita mpaka nane kabla ya mwezi kuandama. Kijana wa Dubai ana kidude kimebandikwa mkononi kinachosoma sukari yake kila dakika chache na kupiga kelele ikishuka. Ana insulini inayotembea sawasawa siku nzima bila kupanda kilele. Kijana wa Uvira ana nini? Mara nyingi ana insulini ya mchanganyiko, ile inayoandikwa 30/70, ambayo ukichoma alfajiri wakati wa daku, sehemu yake kubwa inapanda nguvu kuanzia katikati ya asubuhi hadi mchana, tumbo likiwa tupu, na kutoka daku mpaka adhana ni saa kama kumi na tatu. Dawa hiyo inamdai chakula cha mchana, hata kama yeye amenuia nini. Na bandeleti za kupimia anazinunua kwa kuhesabu, anapima asubuhi, labda na jioni. Miongozo inasema sukari ikishuka chini ya 70 au kupanda juu ya 300, mfungo uvunjwe pale pale, bila kungoja. Sawa, lakini ataijuaje ikiwa bandeleti ya mwisho ilikwisha juzi? Kumlinganisha na kijana wa Dubai ni kumwambia mtu wa mtumbwi avuke dhoruba kwa sababu meli imevuka.

Juu ya dawa yenyewe niongeze kitu kimoja, ingawa si mfungo. Mwaka 2020, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne, mvua ilimwaga mto Mulongwe juu ya kartiye za Uvira, wiki moja tu mbele ya Ramadhani. Maelfu walibaki bila nyumba. Wakati kama ule mtu anasema, frigo imekwenda na maji, insulini imeharibika, basi niache kuchoma. Hapana! Watafiti wa Geneva pamoja na MSF walipima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, huko Dadaab nchini Kenya, na mwaka 2021 wakatoa matokeo kwamba insulini inaweza kukaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya digri 25 na 37 bila kupoteza nguvu yake. Nyungu yetu ya udongo yenye maji, kivulini, inaitunza vizuri zaidi ya meza iliyo chini ya mabati. Hata mwezi wa pili 2025, Bukavu ilipochukuliwa na M23 na barabara ya Kamanyola ikafungwa na vita, jambo hilo lilikuwa la kujua. Mwenye chupa moja ndani ya nyungu asiitupe.

Sasa nigeukie wenzangu Wakristo, wasije wakafikiri nimewaandikia wenyeji wa msikitini peke yao. Kwanza, tusitumie ugonjwa wa mtoto kudharau Ramadhani. Nilisikia mwalimu mwenzangu akimwambia yule kijana aliporudi shuleni, "Dini yenu itakuua." Lilikuwa neno la kijinga. Siku ile ile kijana alirudi kwenye siri yake, maana akikiri kwamba hafungi anaonekana amewapa ushindi wanaomdharau. Pili, sisi tunafanya nini katika vyumba vyetu vya maombi? Siku tatu kavu, bila maji, na nabii anasema aliye na imani aache dawa. Mtoto wa kilokole mwenye aina ya kwanza akiingia katika chumba kile atakufa kifo kile kile, ila yeye hana hata aya ya 184 ya kumtetea mbele ya nabii wake. Tena sisi watu wa Lemera, ambao tarehe 6 mwezi wa kumi 1996 wagonjwa wetu waliuawa vitandani mwao katika hospitali ile aliyokuwa akiiongoza Daktari Mukwege, tulilia kwamba mgonjwa ni mtu wa kulindwa kuliko wote. Kilio hicho kisiishie kwa wenye bunduki.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema wazee. Lakini wazee hao hao wajiulize nani anamfundisha mtoto kuficha. Kijana wangu hakuzaliwa na siri, alifundishwa siku moja, katika sekunde moja, na kicheko cha baba mdogo juu ya mkeka wa futari.

Ninachoomba si kikubwa. Maimamu wetu, Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, wanapotangaza mambo ya mwezi, waseme kwa kinywa chao, wazi, na kwa jina la ugonjwa, kwamba mwenye kuchoma insulini hana deni la kufunga mpaka munganga wake aseme neno. Baba akisikia hivyo msikitini, nyumbani mambo yanakuwa mepesi. COMICO ina misikiti na shule zake. Tangazo kama hilo halina gharama. Prefe wa shule aruhusu mtoto awe na pipi na maji kwenye kalasi, na walimu wafundishwe dalili, wasiniige mimi niliyezijua nikafunga mdomo. Na sisi wote tuache kuuliza "Umefunga?" kama salamu. Mbona kuna salamu nyingi?

Lakini lililo karibu na moyo wangu zaidi ni fidia. Tunaizungumza kana kwamba ni faini, kitu baba anacholipa kimya kimya kufuta aibu ya mtoto. Kwa nini? Huyo kijana anataka nafasi kwenye mkeka, anataka kuwa na sehemu yake katika mwezi. Basi sahani ya fidia ipikwe katika nyumba yake, na yeye mwenyewe aibebe kila jioni, mchana kweupe watu wanaona, mpaka kwa mjane au mkimbizi aliyechaguliwa. Siku thelathini, sahani thelathini. Baba mdogo akicheka, acheke mbele ya maskini aliyelishwa.

Nilimwambia baba wa kijana haya mwaka 2021, nilipokuwa nimeshajitia moyo wa kusema. Hakunijibu siku ile, alinitazama tu kama mtu anayehesabu fedha kichwani. Baadaye aliniambia, "Mwalimu, hayo ungeniambia ule mwaka." Nilikubali. Ramadhani iliyofuata nilipita kartiye yao jioni nikamkuta kijana barabarani, bugali na ndagala chini ya kitambaa, anakwenda kwa bibi mmoja aliyepoteza nyumba katika mafuriko ya Mulongwe. Alinisalimu bila kusimama, chakula kisipoe.

Wajumbe wa jumuiya wakitaka, katika mkutano mkuu ujao nitakuja na mashini ya kupima sukari na bandeleti chache, nionyeshe namna inavyotumika. Mashehe wa Uvira nao waalikwe.